Tangi Lisilojua Maji

Siku hiyo mjinga alikuwa Inspekta, tena si mjinga wa kawaida. Alikuwa anamtafuta mtu aliyekufa, akaenda kumtafuta kaburini. Asubuhi nzima alichimbisha vibarua, akatoa amri, akapigwa na jua la utosi, na alipochoka akaenda kuegemea ukuta wenye kivuli, akavua viatu, akajipepea kwa kofia. Mtu aliyekuwa akimtafuta alikuwa upande wa pili wa ukuta huo. Kati ya migongo yao palikuwa na zege la shubiri mbili tu.

Tumwache kwanza hapo na soksi zake, turudi nyuma kidogo.

Mambo yalianza na tingatinga. Kampuni ya barabara ilikuwa ikisafisha shamba la zamani lililo kati ya kijiji na daraja, na dereva akakiparamia kichuguu. Kichuguu hakikusogea. Iliyosogea ni mashine, ikarudi nyuma bati lake la mbele limepinda kama kifuniko cha sufuria. Dereva aliteremka, akakizunguka kichuguu, akakipiga teke, kisha akachechemea hadi kwa msimamizi wake kumpa habari kwamba mchwa wa huku wanajengea saruji.

Msimamizi alikuwa amesikia habari za shamba hilo. Wakati wa vita jeshi lilijenga humo vituo vya siri: vibanda vya zege vyenye matundu ya bunduki, kila kimoja kikavishwa sura ya kitu cha kawaida ili ndege za adui zipite juu bila kushtuka. Sasa alitaka polisi waje watambue kipi ni cha kweli na kipi ni cha kuigiza, wahakikishe hakuna bomu lililosahauliwa, kisha yeye avilipue vyote aendelee na barabara yake. Baruti ilikuwa imeshafika. Kazi ilipangwa kesho yake.

Ombi hilo lilimkuta Inspekta ofisini, kwenye kiti chenye mguu uliofungwa kamba. Nyuma ya ombi aliingia mwanamke, mshonaji mwenye kibanda ng'ambo ya kituo cha polisi, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

"Afande, kile kichuguu alikijenga baba yangu," alisema. "Mkitafuta vizuri mtamkuta."

"Tutamkuta nani?"

"Baba."

Konstebo, mtu mzima aliyekuwa karibu kustaafu na mwenye mzaha hata msibani, aliacha kunywa chai yake.

Baba wa mshonaji aliitwa Fundi Gunia na kila mtu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila gunia begani. Jeshi lilimchukua akajenge vituo vile. Karibu na mwisho wa vita alitoweka, na mara tu baada ya kutoweka kwake mizinga ya adui ikavipiga vituo alfajiri moja, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayegonga milango anayoijua. Vijana wa kijiji waliokuwa ndani walikufa. Watu walijumlisha wenyewe: fundi kauza siri, fundi kala fedha, fundi kakimbilia kwa adui. Mkewe alifukuzwa kisimani na wanawake wenzake, akawa anachota maji mtoni, kilima kizima kupanda na kushuka, mpaka mgongo ukapinda ukabaki hivyo.

"Sasa yuko kitandani," mshonaji alisema. "Hospitali wamesema tukae naye nyumbani."

Inspekta aliinamisha kichwa. Maneno hayo hayahitaji mkalimani.

"Kila nikiingia chumbani ananiuliza, amepatikana? Nami najibu, bado. Miaka yote, bado. Nataka nimjibu kitu kingine kabla hajaacha kuuliza, Afande. Na kesho mnalipua."

"Dada, watu wanasema alikimbia."

"Wanasema. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka alivyoondoka siku ile. Aliacha kiatu changu kimeshonwa nusu, sindano ikiwa bado imechomekwa. Mtu anayeikimbia nyumba yake moja kwa moja humaliza au haanzi."

Huo haukuwa ushahidi, na Inspekta alijua. Hata hivyo alichukua kofia.

*

Mtu pekee aliye hai aliyevijua vituo vile alikuwa Kapteni mstaafu, aliyesimamia ujenzi wake. Aliishi peke yake nje kidogo ya kijiji, katika nyumba nyeupe yenye mapazia yaliyopigwa pasi. Inspekta alivuka kizingiti kwa heshima zote, akateleza, akaokolewa na bega la Konstebo.

"Pole, kijana!" Kapteni alicheka kutoka kwenye kiti chake. "Sakafu hiyo huwakaribisha wageni wote hivyo hivyo. Nimeisugua mwenyewe, kwa mwiko wa chuma. Jeshini plasta isiyong'aa ilikuwa plasta ya kurudia."

Kweli sakafu iling'aa. Konstebo aliinama akajitazama ndani yake, akarekebisha kola.

Kapteni aliposikia habari ya vituo alisimama mara moja, akatafuta fimbo yake. Alipomwona mshonaji nje, kando ya gari, alisita kidogo tu, kisha akavua kofia.

"Wewe ndiye binti yake. Una macho yake. Sina kinyongo na wewe, binti yangu. Mtoto hachagui baba."

"Shikamoo, Kapteni," mshonaji alisema.

Shambani Kapteni aliwaongoza kama mtu anayeonyesha nyumba yake. Vituo vilikuwa vitatu, alisema, na vyote alivibuni mwenyewe. Kwanza kichuguu. Kwa mbali ungeapa ni cha mchwa. Kwa karibu uliona mpasuko mwembamba chini ya kilele, unaotazama daraja moja kwa moja. Kombora lilikuwa limekifungua kwa juu. Pili banda la kuku, lenye wavu wa zege na hata kuku mmoja wa zege juu ya paa, kichwa kimekatika.

"Huyu naye alikufa vitani," Konstebo alisema, akampigia kuku saluti.

Tatu lilikuwa kaburi. Kaburi la kifahari, pana, lenye jiwe refu kichwani, na chini ya jiwe hilo tundu la bunduki. Ubavu wake mmoja ulikuwa umeporomokea ndani.

Inspekta aliona kitu kingine. Kutoka mahali palipokuwa na kambi, mistari mitatu iliyonyooka ilikatiza shamba, na juu yake majani yalikuwa mafupi na manjano. Alikwangua kwa kisigino. Kokoto.

"Hizi zilikuwa njia?"

"Zangu. Niliziamuru," Kapteni alisema. "Mvua za hapa unazijua. Askari mwenye matope miguuni ni nusu askari. Kambi yangu ilikuwa safi, kijana, mpaka wakaguzi walikuwa wanaleta wenzao waje waone."

"Mpaka kwenye banda la kuku?" Konstebo aliuliza. "Kuku wako walikuwa wanavaa viatu, mkuu?"

Kapteni hakucheka. Alielekeza fimbo kwenye kaburi.

"Kama mnataka kutafuta, tafuteni hapo. Maiti za vijana zilitolewa, lakini kifusi cha ndani hakikuwahi kuondolewa chote. Mimi naamini fundi alikimbia, nasema hivyo mbele ya bintiye bila kuficha. Lakini kama yuko shamba hili, yuko humo."

Na mjinga wetu akakubali. Alipendezwa hata na mpangilio wake: maiti, kaburi, mambo yamekaa sawa. Vibarua wawili wa barabara waliitwa na masululu. Walichimba mpaka vivuli vikawa vifupi. Zilitoka chupa, kofia ya chuma iliyotoboka, mkanda na soli ya buti.

Mshonaji alikuwa ameketi ukingoni. Wakati wengine wakichimba, yeye alikuwa akipapasa ukuta wa nje wa lile kaburi, taratibu, kama anavyopapasa kitambaa kabla ya kukikata.

"Plasta hii ina nyuzi," alisema.

"Nyuzi gani?" Inspekta aliuliza.

"Njoo ushike. Zimepita hivi, na hivi. Ni alama ya gunia. Amekandamiza gunia bichi juu ya saruji ikiwa bado laini. Kichuguu nacho kiko hivyo hivyo. Na banda."

"Ili isimetamete," Kapteni alisema bila kugeuka. "Saruji laini hung'aa, ndege inaona. Hilo lilikuwa wazo lake, simnyimi. Tulibishana sana. Mimi nilitaka kazi nadhifu."

Mshonaji alibaki na kiganja ukutani. "Maisha yangu yote nilidhani gunia lilikuwa la kubebea vitu," alisema, kama anazungumza na ukuta.

Inspekta aliinua ile soli ya buti. "Dada, hii?"

"Hapana. Baba alivaa katambuga. Za tairi, alizikata mwenyewe."

Basi kaburi lilikwisha, likawa tundu tupu lenye vumbi, na ndani yake hakuna aliyezikwa. Vibarua walitupa masululu wakaenda kula. Inspekta hakutaka kumtazama mshonaji usoni. Alitembea peke yake hadi kwenye tangi kubwa la maji lililokuwa mteremkoni, la duara, limeota majani kwa chini. Hapo ndipo tulipomwacha: kavua viatu, kakunja mikono ya shati, kaegemea.

Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole. "Konstebo! Humu hamna maji hata ya kunawa?"

Aliyejibu ni Kapteni, kutoka kule kaburini. "Usijisumbue, kijana. Hilo halijapata kuwa na maji tangu lijengwe."

"La nani?"

"La mwenye shamba. Alilijenga baada ya vita. Sisi tulikuwa tumeshaondoka zamani, na mimi sikurudi huku mpaka nilipostaafu."

Inspekta aliitikia kwa kichwa, akaendelea kujipepea. Ndiyo, aliendelea kujipepea. Maneno yalipita juu yake kama ndege za adui.

Konstebo alikuja na chupa ya maji. Alimpa mkubwa wake, kisha akamshika mkono akaugeuza juani.

"Afande, ulikuwa umelalia mkeka?"

Mkono wa Inspekta, kutoka kiwiko hadi kifundo, ulikuwa umechapwa miraba midogo myekundu, safu kwa safu, pale ulipokuwa umekandamizwa ukutani.

Mshonaji alisogea. Aliutazama mkono, halafu akaweka dole gumba juu ya ile miraba.

"Si mkeka," alisema. "Ni gunia."

Wote watatu waligeuka wakalitazama tangi. Inspekta alianza kuvaa viatu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alianza pia kufanya kazi.

Alilizunguka mara moja bila kusema kitu, akalizunguka tena akisema.

"Bomba la kuingizia maji liko wapi?"

"Hakuna," Konstebo alisema.

"La kutolea?"

"Hakuna."

"Tangi linalotumika huvuja, huacha mistari ya kijani ukutani. Unaiona?"

"Kavu kama ulimi wangu."

"Lilijengwa baada ya vita, na mtu mwingine, lakini lina mkono wa Fundi Gunia aliyetoweka kabla vita haijaisha." Inspekta alisimama upande unaotazama daraja, akafuta vumbi kwa leso. Kwenye kimo cha kifua cha mtu palikuwa na ukanda mwembamba, urefu wake kama mkono ulionyooshwa, ambao haukuwa na nyuzi za gunia. Ulikuwa laini. Jua liliupiga, ukamrudishia mwanga machoni.

"Konstebo, umewahi kuiona plasta kama hii?"

"Leo asubuhi, Afande. Nilirekebishia kola."

Upande wa nyuma, chini, majani yalipofyekwa, kilionekana kiraka kingine chenye kung'aa hivyo hivyo, kikubwa kiasi cha mtu kupita kwa kuinama. Pembeni mwake kutu ilikuwa imetiririka kutoka sehemu mbili, mahali pa bawaba. Upande wa pili kutu ilitoka sehemu moja, mahali pa komeo. Na komeo lilikuwa la nje.

"Waite vibarua," Inspekta alisema. "Waje na nyundo na mtaimbo. Na wewe, dada, kaa kule kwenye gari."

"Nimekaa kwenye gari miaka yote, Afande," mshonaji alisema. Hakuondoka.

*

Kiraka kilikuwa chembamba kuliko kilivyojidai. Nyuma ya plasta yalikuwa matofali yaliyopangwa ovyo, na nyuma ya matofali mlango wa chuma. Ulipong'olewa, hewa iliyotoka ilikuwa kavu, ya zamani, haikunuka kitu.

Inspekta aliingia kwa magoti na tochi. Alikaa humo kwa muda. Alipotoka alikuwa na mambo manne ya kusema na hakujua aanze na lipi. Mshonaji alimrahisishia.

"Ana katambuga?"

"Anazo."

Alichuchumaa mlangoni, akatazama mwenyewe. Fundi alikuwa ameketi chini ya tundu, mgongo ukutani. Gunia alikuwa amelikunja vizuri, akalikalia. Mbele yake kwenye fremu ya mlango, karibu na komeo, zege lilikuwa limechimbwa shimo la kuingia ngumi, na chini ya shimo ulilala mwiko. Ulikuwa umelika mpaka ukabaki kama kijiko.

"Mwiko wa baba ulikuwa mpana," mshonaji alisema. "Nilikuwa naufanya kioo."

Hakulia. Alivua ile futi shingoni, akaizungusha mkononi, akaikunjua, akaizungusha tena.

Kapteni alikuwa ameketi juu ya jiwe, fimbo katikati ya magoti. Konstebo alikwisha kusimama nyuma yake, na uso wake haukuwa na mzaha wowote. Inspekta alikuja akasimama mbele.

"Umesema tangi hili lilijengwa baada yenu kuondoka."

"Nilivyosikia."

"Na kwamba halijapata kuwa na maji tangu lijengwe. Nani alikwambia? Mwenye shamba? Hivi wewe ukiona tangi la jirani, unajua lilijazwa lini na halikujazwa lini?"

"Maneno ya mzee, kijana. Yanatoka yenyewe."

"Tundu lile na mlango ule vimezibwa na mtu aliyezoea mwiko wa chuma, anayependa plasta ing'ae. Fundi Gunia asingeweza kung'arisha ukuta hata umtishe kwa bunduki. Twende tukalinganishe na sebule yako?"

Kapteni aliitazama ncha ya fimbo.

"Nikusaidie," Inspekta alisema. "Vituo vitatu vina njia za kokoto, vyote vitatu vilipigwa. Hiki cha nne hakina kokoto, hakikupigwa hata jiwe. Kama fundi aliuza siri, kwa nini aliuza tatu akabakiza moja? Alikuwa anampunguzia adui bei?"

"Hilo..."

"Siri iliuzwa na kokoto, Kapteni. Ndege ilipita ikaona banda la kuku lina barabara nzuri kuliko ya kijiji. Ikaona kichuguu kina barabara. Na kaburi ambalo watu wanalitembelea kila siku kwa mstari. Basi. Adui hakuhitaji msaliti, alihitaji macho."

Kule barabarani tingatinga liliwashwa, likazimwa.

"Aliniambia," Kapteni alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imeshuka, ya mtu wa umri wake sasa. "Alisema, Kapteni, ondoa kokoto, zitatuumbua. Aliyarudia maneno hayo mbele ya askari wangu. Hiki cha nne akakataa kabisa nisikiwekee njia. Nikamwambia, wewe ni fundi, mimi ni ofisa. Akasema basi atakwenda mwenyewe kwa mkubwa wangu. Nikamtia humo. Usiku mmoja tu, apoe. Adhabu ya kambi, kila mtu alikuwa anatiwa. Wengine walikuwa wanachekana."

"Na alfajiri?"

"Alfajiri mizinga. Waliobaki tulikimbia. Komeo... nilikuja kukumbuka tukiwa mbali sana. Barabara ilikuwa imefungwa. Niliporudi, siku zilikuwa zimeshapita nyingi."

"Ulifungua?"

Kapteni alitikisa kichwa.

"Ulimwita?"

Mikono yake juu ya fimbo ilikuwa inapandana, mmoja ukitafuta kuwa juu ya mwenzake.

"Ulikuja na saruji," Inspekta alisema. "Ulikuja umejiandaa."

"Wazazi wa wale vijana walikuwa wananiuliza! Kila siku, mlangoni kwangu: nani ametuulia? Ningesema nini? Ningesema kokoto?" Aliinua macho. "Sikusema yeye ni msaliti. Nilisema ametoweka. Basi. Wengine walimalizia wenyewe."

"Na ukawaacha wamalizie."

"Nikawaacha."

Mshonaji alikuwa amesimama kando, akisikia kila neno. Inspekta alimgeukia. Kulikuwa na jambo moja aliloweza kumpa, nalo halikuwa kubwa.

"Dada, pale kwenye tundu, kwa ndani, saruji iliyoingia ilidondoka ikaning'inia, ikakauka vile vile. Haikuguswa. Fundi aliye hai angeisukuma kwa kidole tu, ilikuwa bado mbichi. Tundu lilipozibwa alikuwa ameshatangulia."

"Kwa hiyo alikufa kabla," mshonaji alisema. "Wakati tundu liko wazi. Analiona daraja. Anausikia mto."

"Ndiyo."

"Kwa kiu."

Inspekta alivua kofia.

"Ndani ya tangi," mshonaji alisema.

Konstebo aligeuza uso, akajifanya anatafuta pingu ambazo zilikuwa mkononi mwake.

Walipomwinua Kapteni, hakushindana. Alinyoosha mikono yote miwili kama mtu anayevalishwa koti. Lakini alipofika usawa wa mshonaji alisimama, na Konstebo, kwa mazoea ya kuwaheshimu wazee, akamwachia asimame.

"Binti yangu, mimi nimekwisha, nipelekeni mnakonipeleka. Nasema kwa ajili ya mama yako." Alilainisha sauti. "Usimwambie haya. Mwambie alikuwa kituoni na wale vijana, bomu likamwangukia, hakuhisi kitu. Jina lake litasafishwa, hilo Inspekta ataliandika, sitapinga neno. Lakini hii ya komeo, hii ya kiu, ya nini? Amebakiza siku chache."

"Kapteni, twende," Inspekta alisema.

"Subiri, kijana, hili ni la utu, si la kipolisi. Mwulize daktari yeyote. Mgonjwa wa hali ile hupewa habari nyepesi."

Na hapa lazima isemwe kwamba Inspekta, aliyekuwa mjinga asubuhi, aliponea chupuchupu kuwa mjinga tena jioni, kwani alifungua mdomo kusema huenda mzee ana hoja. Akilini alimwona mama yule kitandani, akauona ule mwiko. Akasema, "Dada, pengine kwa hilo..."

"Unaona?" Kapteni alisema. "Hata yeye. Bomu, binti yangu. Neno moja, halimwumizi mtu. Uongo mdogo wa huruma."

Mshonaji alikuwa amelichukua lile gunia. Alilikung'uta vumbi, akalikunja kwa mikunjo ile ile aliyoikuta, akaliweka begani.

"Uongo wako wa kwanza, Kapteni, mama ameubeba mpaka mgongo ukapinda. Huu wa pili ubebe mwenyewe."